Taifa Stars ikishapata goli, nani anabaki mbele?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa wasomaji. Mimi ni mwalimu wa timu ya vijana ya mtaani hapa Tanga, na kila Taifa Stars inapocheza nakaa mbele ya runinga na daftari mkononi. Tangu tutolewe na Morocco katika hatua ya 16 bora ya AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 4, 2026, kwa bao lile moja la Brahim Díaz, nimesoma maoni mengi. Wapo wanaosema vijana wetu hawana pumzi. Wapo wanaowatupia lawama mabeki. Wapo wanaotaka kocha aondoke, kama ilivyo kawaida yetu kila mashindano yanapokwisha. Mimi naona wote wanapapasa pembeni ya jambo lenyewe. Stars haina mpango wa kucheza baada ya kupata goli.

Mechi ya Morocco sitaigusa. Tulicheza na wenyeji, Rabat, uwanja umejaa watu wao, na kufika hatua ya mtoano kwenyewe lilikuwa jambo jipya kwetu. Zinazonikosesha usingizi ni mechi tatu nyingine za AFCON, ambazo zote tuliongoza.

Cairo, Juni 27, 2019, tukicheza na jirani zetu Kenya. Simon Msuva alitufungia dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, Mbwana Samatta akajibu dakika moja baadaye, tukaenda mapumziko tukiwa mbele 2-1. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha dakika ya 62, Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Tukalala 3-2.

San-Pédro, Ivory Coast, Januari 21, 2024, dhidi ya Zambia. Msuva tena, dakika ya 11, kwa pasi ya Samatta. Dakika ya 44 Roderick Kabwe akaonyeshwa kadi nyekundu. Tulikuwa na goli, tukawa na mtu mmoja zaidi, na kipindi kizima cha pili kilikuwa mbele yetu. Dakika ya 88 Clatous Chama akapiga kona, Patson Daka akaiweka kimiani kwa kichwa.

Rabat, Desemba 27, 2025, dhidi ya Uganda. Msuva kwa mara ya tatu, safari hii kwa penalti, dakika ya 59. Dakika ya 80 Uche Ikpeazu akasawazisha kwa kichwa, na dakika za lala salama Waganda wakapata penalti yao na kuikosa. Ingeingia ile, tungelia kama tulivyolia Cairo.

Makocha walikuwa watatu tofauti: Emmanuel Amunike, Hemed Suleiman aliyepewa timu ghafla baada ya Adel Amrouche kufungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, na Miguel Gamondi. Vikosi navyo vilikuwa tofauti. Msuva alifunga katika mechi zote tatu na hakushinda hata moja. Kijana huyu amefanya kazi yake. Tumeshiriki fainali nne za AFCON, mwaka 1980, 2019, 2023 (zilizochezwa 2024) na 2025, tumecheza mechi 13, na hatujawahi kushinda hata moja. Anayesema dawa ni kumfukuza kocha anieleze kwa nini ugonjwa ni uleule wakati makocha wanabadilika.

Nirudi San-Pédro, maana mechi ile ndiyo inayoeleza kila kitu. Baada ya mapumziko mstari wa mabeki wetu ulishuka hadi ukingoni mwa eneo la hatari. Viungo wakashuka nao. Mawinga wakawa mabeki wa pembeni wa pili. Mbele akabaki mtu mmoja, akikimbizana na mipira mirefu kati ya mabeki wawili wa kati, huku msaada wa karibu ukiwa mita 40 nyuma yake. Mpira ukiondoshwa, sekunde chache umerudi. Ukiondoshwa tena, umerudi tena. Zambia wakiwa pungufu walicheza kama ndio waliotuzidi mtu.

Wanaotetea mpango ule husema: ukiwa unaongoza, jaza watu nyuma. Naomba wasomaji wako tupige hesabu pamoja, kwa sababu niliipiga usiku ule kwenye daftari na nimeirudia mara nyingi tangu hapo. Ukimtoa kipa, Zambia walikuwa na watu tisa uwanjani, sisi kumi. Tukiacha mshambuliaji mmoja mbele, kocha wa Zambia atabakiza wawili wa kumlinda. Watakaotushambulia ni saba, sisi nyuma tuko tisa. Tumewazidi wawili. Tukiacha wawili mbele, atabakiza watatu. Wanashambulia sita, tunakaba wanane. Tumewazidi wawili. Tukithubutu kuacha watatu, atabakiza wanne. Watano kwa saba. Bado wawili.

Kwa hiyo kila mtu unayemrudisha nyuma anakuja na mpinzani wake. Ziada haiongezeki. Kinachoongezeka ni msongamano ndani ya kumi na nane, na kwenye msongamano mpira unagonga mguu, unagonga bega, inakuwa kona, na kona inampata mtu kama Daka. Kinachopungua ni mtu wa kuupokea mpira ukiondoshwa. Tulichokosa siku ile ni huyo mpokeaji. Watu wa kukaba walikuwepo wa kutosha.

Suala la pumzi nalo nataka lizungumzwe kwa haki. Miezi michache iliyopita niliwapa vijana wangu zoezi: kumi dhidi ya tisa, kumi wanaongoza bao moja, dakika 20. Siku ya kwanza nikawaambia warudi wote wakalinde. Zoezi lilipokwisha beki wangu wa kati, kijana mwenye mapafu ya farasi, alikaa chini akaniambia, "Mwalimu, hatupati hata nafasi ya kuvuta pumzi." Wiki iliyofuata nikabadilisha kitu kimoja tu. Mawinga wawili wakae juu, kila mmoja kwenye chaki yake, wasivuke mstari wa kati kurudi nyuma bila ruhusa yangu, na mpira wa kwanza wa kuondosha uelekee kwao. Ni vijana walewale, uwanja uleule wa vumbi, saa kumi ileile ya jioni. Walimaliza wakiwa wanaongea. Pumzi huisha kwa kuukimbiza mpira usio wako, na mwenye mpira hupumzika akiwa nao.

Najua nitaulizwa kuhusu Annaba. Septemba 7, 2023 tulikwenda Algeria tukihitaji pointi moja, tukakaa nyuma, tukatoka 0-0, tukafuzu AFCON. Ilikuwa kazi nzuri na niliwapigia makofi peke yangu sebuleni. Tofauti ni kwamba siku ile kukaba ndiyo ilikuwa mechi yenyewe, tangu dakika ya kwanza. Kila mchezaji alijua anakaa wapi na kwa nini. Mechi ya Zambia haikuwa hivyo. Tulianza kwa kushambulia, tukafunga, halafu timu ikarudi nyuma hatua kwa hatua kwa woga, na woga haugawi majukumu.

Pia wapo watakaonikumbusha Guinea, Novemba 19, 2024 pale kwa Mkapa, ambapo Msuva alifunga dakika ya 61 na bao likalindwa hadi filimbi ya mwisho tukafuzu. Sibishi. Lililindika. Lakini nikiweka mechi ile upande mmoja wa mizani, na Cairo, San-Pédro na Rabat upande mwingine, najua upande utakaoshuka.

Nikitafuta mfano wa namna Stars inavyopaswa kucheza ikiongoza, siendi Ulaya. Machi 24, 2019, uwanja wetu wenyewe, tukiitaka tiketi ya kwenda Misri baada ya miaka 39. Msuva alifunga dakika ya 21 dhidi ya Uganda. Tungeweza kurudi nyuma. Tuliendelea kwenda, Erasto Nyoni akafunga kwa penalti dakika ya 51, Aggrey Morris, beki wa kati, akafunga la tatu dakika ya 57. Kocha alikuwa Amunike, yuleyule wa Cairo miezi mitatu baadaye. Basi uwezo tunao. Tunaupoteza tukivuka mpaka.

Upande wa kushambulia nina neno moja tu, maana linatokana na hilohilo. Tukiwa mbele tunacheza mpira wa aina moja: mrefu, wa juu, wa katikati. Samatta ametumikia taifa hili kwa moyo wote, ameshinda ubingwa wa Ubelgiji na Genk, amecheza Ligi Kuu ya England akiwa Aston Villa, na tumemlipa kwa kumwachia aruke peke yake na mabeki wawili wanaouona mpira unapotoka. Mrefu si haramu. Upigwe pembeni, nyuma ya beki wa pembeni aliyepanda, ambako hata ukitoka nje tunakuwa tumepata sekunde 20 na mstari wetu umepanda mita 30. Na tukiupata chini, tuna watu wa kuukalia. Kiungo wetu Feisal Salum akipewa mpira akiwa na watu wawili karibu, anaweza kuituliza timu nzima. Akipewa akiwa peke yake kati ya wanne, tunamwonea.

Mambo haya hayahitaji bajeti wala mchezaji mpya. Yanahitaji nusu saa katika kila mazoezi ambapo mwalimu anasema: tunaongoza bao moja, zimebaki dakika 40, chezeni. Nani anakaa juu? Mstari unasimama wapi, na nani anausukuma usogee juu mpira ukitoka? Kona ya mpinzani ikipigwa, wangapi wanabaki karibu na katikati? Mimi huwaacha wawili kila mara, na mara nyingi nimeona timu pinzani ikiondoa watu watatu langoni kwetu ili kuwafuata.

AFCON ya 2027 tumepewa kuiandaa sisi, Kenya na Uganda, hao hao wawili waliotusawazishia. Mechi zitakuwa mbele ya wajukuu zetu. Nitakwenda uwanjani nikiwa hai, na sitaki tena kukaa kwenye kiti nikihesabu dakika kwa vidole huku watu kumi wa Stars wamejazana mbele ya kipa wao.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wa michezo huhudhuria mikutano ya kocha na wanahabari kabla ya mechi. Huwa wanauliza hali ya majeruhi, wanauliza tumejiandaaje, na kocha anajibu tumejiandaa vizuri. Safari ijayo mmoja wao ainue mkono, aulize: Kocha, tukipata goli dakika ya 11, nani anabaki mbele? Jibu lake mlichapishe lote, hata likijaza ukurasa.

Wako katika michezo,
Mwalimu wa timu ya vijana,
Makorora, Tanga.