Mama anatetemeka mikono: je, ni Parkinson?

Katika simu tunazopokea kutoka kwa watoto wa wazee tunaowahudumia majumbani hapa Moshi na Hai, hakuna swali linalorudi mara nyingi kama hilo. Aghalabu anayeuliza anaishi Dar es Salaam au nje ya nchi, amekuja likizo na kumkuta mama yake akishika kikombe kwa mikono miwili, na usiku huohuo amesoma mengi kwenye simu mpaka usingizi ukamruka. Kazi ya kuutaja ugonjwa ni ya daktari, wala hatuwezi kuifanya kwa simu. Hata hivyo, kuna jambo ambalo kila familia inastahili kulijua mapema: ugonjwa wa kutetemeka unaowapata watu wazima wengi kuliko mwingine wowote si Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili. Ni ule ambao madaktari huuita mtetemeko unaojitegemea, kwa maana kwamba hautokani na maradhi mengine yanayoonekana.

Ni wengi kiasi gani? Mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti 28 zilizofanywa miongoni mwa jamii katika nchi 19, wakakuta kwamba kwa watu wa rika zote wenye hali hii ni takriban 0.9%, yaani karibu mtu mmoja katika kila 100, na kwa wenye miaka 65 na kuendelea ni 4.6%. Ukiwaza ibada ya Jumapili yenye wazee 100 wa umri huo, wanne au watano kati yao hushika kitabu cha nyimbo kwa mikono inayotikisika. Ni kweli kwamba hesabu hutofautiana sana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine, na sababu zake zinaeleweka: anayehesabu wagonjwa waliofika hospitali hupata wachache, ilhali anayepita nyumba kwa nyumba na kumwomba kila mtu anyooshe mikono, amimine maji na kuchora mstari unaojizungusha kama gamba la konokono, hupata wengi ambao hawajawahi kumweleza mtu yeyote shida yao. Umri nao una uzito wake, kwa kuwa hali hii huongezeka kadiri miaka inavyosonga, ingawa wapo wanaoanza kutetemeka wakiwa vijana, hasa pale mzazi alipokuwa nayo. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo wazee ni sehemu kubwa ya wakazi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuliandika jambo hili kwa urefu.

Linganisha na Parkinson. Watafiti walipoitafuta wilayani Hai kwa kupita nyumba kwa nyumba, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, walipata wagonjwa 33 kati ya watu 161,071, na wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wameambiwa kabla wana ugonjwa gani. Hatutaji idadi hiyo ili mtu aupuuze ugonjwa mzito unaohitaji dawa zake. Tunaitaja kwa sababu tumeona familia zikiomboleza mapema kwa tatizo ambalo huenda wala halikuwapo.

Kikombe cha chai husaidia kuonyesha tofauti. Mwenye mtetemeko unaojitegemea hutulia mikono ikiwa mapajani, kisha hutetemeka anapoinua kikombe, na zaidi kinapokaribia midomo. Mara nyingi ni mikono yote miwili, na pengine kichwa au sauti pia. Kwa Parkinson mara nyingi mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, kwa kawaida kuanzia upande mmoja, na pamoja nao huja mwendo wa polepole, ukakamavu wa viungo na mwandiko unaozidi kuwa mdogo. Zipo pia sababu nyingine ambazo daktari atazitafuta kwanza, kama tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, dawa fulani za pumu au za kifafa, na sukari iliyoshuka.

Kinachotusikitisha zaidi ni ukimya. Bibi mmoja tunayemhudumia, mwenye miaka 74, kwa muda mrefu hakula chakula chochote kwenye harusi. Alikuwa akisema ameshiba, kumbe aliogopa wali usimwagike mbele ya wakwe. Wapo akina babu wanaoitwa walevi kwa sababu ya mikono yao. Jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa kuwa pombe kidogo huwatuliza baadhi yao kwa saa chache na kisha mtetemeko hurudi, na kwa njia hiyo mtu anaweza kuingia kwenye ulevi ambao hakuwa nao. Dawa zipo. Propranolol husaidia wengi, lakini haimfai mwenye pumu, kwa hiyo tunaomba sana asipewe mzee vidonge vya jirani.

Huduma yetu huanza na ziara ya saa moja hivi nyumbani. Mhudumu huandika mtetemeko ulianza lini, huongezeka wakati gani, na nani mwingine katika ukoo anao. Humwomba mzee aandike jina lake na kuchora ule mstari wa konokono, na karatasi hiyo humfikia daktari siku tunapomsindikiza kliniki. Baada ya hapo tunapanga vitu vidogo vya kila siku: kikombe kizito chenye mpini mpana kisichojazwa zaidi ya nusu, bakuli lenye kingo za juu badala ya sahani bapa, vishikizo vya nguo vinavyobadilishwa kuwa zipu, na chai ya rangi iliyopunguzwa ukali, maana kafeini huzidisha mtetemeko kwa baadhi yao.

Kabla hatujafika, tuwekee mezani dawa zote anazotumia mzee, pamoja na zile za kienyeji. Chai ikiwa tayari, tafadhali mwacheni ajimiminie mwenyewe.