Alhamisi: Lady Gregory na shajara zake
Habari za jioni, wapendwa. Alhamisi saa 2 usiku tunamjadili Lady Gregory wa Galway, Ireland (1852–1932). Alianza kuandika tamthilia akiwa mjane wa miaka 50 hivi (waliozoea kusema "nimechelewa" mpo?), na ukumbi wa tamthilia wa Abbey Theatre, Dublin, ulipofunguliwa 1904, yeye na waandishi wenzake Yeats na Synge wakawa wakurugenzi wake. Mimi lakini nimenaswa na shajara zake: vita vya uhuru vikipita karibu na mlango, gharama za nyumba yake ya Coole, wajukuu aliowalea baada ya mwanawe Robert, rubani, kuuawa Italia Januari 1918. Nyumba ilibomolewa 1941. Mti ambao wageni wake walichonga herufi za majina yao bado umesimama. Mwenye nakala ya shajara hizo anijulishe, tafadhali.