Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maonesho ya Misimu na Kalenda Yetu

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa waliobaki, habari za asubuhi. Hesabu za chama mtasomewa na Mhazini, na kumbukumbu za mkutano uliopita Katibu ameshazigawa pale mlangoni, kwa hiyo sitazigusa. Nitazungumzia maonesho yetu ya misimu katika makumbusho ya Chuo Kikuu, hapa Mlimani, Dar es Salaam, maana ndiyo yaliyokula nguvu zetu mwaka huu, na ndiyo yaliyoleta maneno.

Maneno yenyewe mnayajua. Onesho la masika lilifungwa kabla ya siku iliyoandikwa kwenye kadi za mwaliko, na wapo waliodhani tumekosana na uongozi wa chuo. Hatujakosana na mtu. Ugomvi wetu ulikuwa na mwezi wa Aprili.

Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,000 na ushee kwa mwaka, na Aprili ndio hubeba fungu kubwa. Mvua yenyewe haisumbui ukumbi wenye paa zima. Kinachosumbua ni hewa. Unyevu hewani ukivuka asilimia 70 ukakaa hapo siku kadhaa, kuvu huanza kuota kwenye karatasi, kwenye gundi ya fremu na kwenye kitambaa. Asubuhi za masika hapa kwetu kiwango hicho kinavukwa kila kukicha.

Sasa tuliweka nini ukutani msimu huo? Picha za Tingatinga, nyingi zikiwa zimeazimwa kutoka sebuleni kwenu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi ya silingi. Karatasi moja ya futi 4 kwa 8 ukiikata inakupa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, na ndiyo maana picha nyingi za mwanzo ni za mraba. Aliuawa mwaka 1972, hata miaka mitano ya kuchora haikutimia, lakini wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wameendelea hadi leo pale Oysterbay. Ubao ule ulikuwa rahisi kupatikana na bei yake ilivumilika. Ila ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na unyevu unaupenda.

Picha moja ya chui ndiyo iliyotushtua. Ukisimama mbele yake huoni kitu, rangi inang'aa na madoa yako mahali pake. Mhifadhi akaishusha, akaigeuza. Kona ya chini nyuzi zilikuwa zimefura na kuachana, na ukibonyeza kwa kidole gumba panabonyea. Rangi imeziba uso tu. Mgongo na kingo zilizokatwa kwa msumeno zimebaki uchi, na huko ndiko maji ya hewani yanakoingilia. Mhifadhi aliamua picha zote zishushwe siku ileile. Nilimuunga mkono, na ningemuunga mkono tena.

Kuna wanachama waliosema tungewasha tu kiyoyozi. Ndugu zangu, kiyoyozi kinachowashwa asubuhi kikazimwa jioni wafanyakazi wakiondoka ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Ukumbi unakauka mchana, unalowa usiku, na kesho tena hivyo hivyo. Mbao hujikunja na kutanuka kila mara, mpaka zinachoka. Mpingo, mti wa vinyago kama vile tulivyoonesha, ndio unaoonesha wazi. Ni mti mzito mpaka unazama majini, na kukauka kwake huchukua muda mrefu sana, hivyo kinyago kinaweza kuwa kikavu nje huku ndani bado kibichi. Kipeleke kwenye baridi kavu ya kiyoyozi, kitapasuka kuanzia juu hadi chini. Kuendesha mitambo usiku na mchana kunahitaji fedha ambazo hatuna, na umeme usiokatika. La pili nalisema kwa upole.

(Kwa wale waliokuja na watoto wa shule: swali la kama vinyago vimepakwa kiwi ya viatu viwe vyeusi kama mpingo lilikuwa swali zuri, na kwa vinyago vingine vinavyouzwa mjini jibu ni ndiyo. Vya kwetu vilikuwa mpingo halisi.)

Onesho la kipupwe, la khanga, lilikwenda vizuri mno. Malalamiko yaliyonifikia ni ya giza. Vitambaa na karatasi huoneshwa kwenye mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu rangi iliyopaushwa na mwanga hairudi, na kila saa ya jua inajumlishwa juu ya ile iliyotangulia. Ndiyo sababu ya yale mapazia. Macho yakizoea kwa dakika chache unaona kila kitu. Bibi mmoja kutoka Msewe aliingia, akasimama mbele ya khanga ya kwanza, akasoma jina lake kwa sauti ya kumkusudia mtu: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Mwenzake aliyekuwa ukuta wa pili akatafuta khanga ya kumjibu, akaipata, naye akaisoma. Walizunguka ukumbi mzima wakirushiana hivyo, na vijana wetu wa kujitolea wakaacha kuongoza wageni wakabaki kuwafuata. Maelezo tuliyobandika ukutani hayakusomwa sana siku hiyo.

Onesho la vuli lilikuwa la kazi za wanafunzi. Lilikuwa dogo, lilifanyika kwa wakati, na ukumbi ulirudishwa safi.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndio wakati hewa yetu ni kavu na poa, na kazi za sanaa hupumua. Lakini ndio wakati wanafunzi wanafunga na Mlimani panabaki popo na walinzi. Masika chuo kimejaa, na ndio wakati kuta zetu hazifai. Kwa miaka tumepanga maonesho kwa kuwafuata wanafunzi. Mimi naona tuyapange kwa kufuata hewa, halafu wageni tuwatafute mitaa ya jirani: Changanyikeni, Makongo, Msewe, Ubungo. Hao hawana likizo ya chuo. Mwaka huu wengine walikuja kwa taabu, kwani waliposikia "makumbusho" walipanda daladala wakashushwa stendi ya Makumbusho, Kijitonyama, wakaanza kuulizia khanga kwa wauza chipsi. Kadi zijazo ziandike "Chuo Kikuu, Mlimani" kwa herufi kubwa.

Kamati inaleta mapendekezo mawili mpigie kura. Kwanza, masika yaachiwe vitu visivyoogopa unyevu: vyungu, vigae, na picha za kamera zilizochapwa upya ambazo zikiharibika tunachapa nyingine. Pili, hadibodi, karatasi na khanga zihamie kipupwe, na kila picha ya hadibodi tutakayoazima ipigwe picha mbele na nyuma mwenyewe akiwepo, kabla haijatoka nyumbani kwake.

Wenye khanga za zamani walio tayari kuziazimisha wamwone Katibu kabla ya chai. Zije kama zilivyo, bila naftalini, na zifungwe kwenye mfuko wa nailoni mpaka mhifadhi azikague wadudu.