Mdogo wangu, ule wimbo haukuwa umekwisha

Shangazi kaniambia umempigia kuuliza nimepatwa na nini. Eti umesikia kwa watu wa Majengo kwamba dada yako siku hizi anashona huku amefungulia miziki ya ajabu isiyo na maneno, kutwa nzima, na wateja wanaona aibu kumwambia apunguze sauti. Ungeniandikia mimi. Namba ni ileile.

Ni kweli. Mwezi wa sita wote nilikuwa nasikiliza albamu nisiyoijua, moja kila siku, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio aliouweka mwenyewe mtunzi. Bila kuruka. Umeme ukikatika nasubiri urudi, naanza upya. Bando likiisha katikati, namtuma mtoto vocha. Sheria ilikuwa hiyo moja, na wewe unajua ilikotoka, ingawa kwenye kikao cha ukoo ulikaa pale kwa Baba Mkubwa ukajifanya umesahau.

Majina nilipewa na vijana wa mlimani, hawa wanaopandisha wageni Kilimanjaro na kuniletea majaketi na mahema niwabadilishie zipu. Mgeni anakaa nao juu siku sita, siku saba, na usiku kule kambi ya Barafu hakuna cha kufanya zaidi ya kutetemeka na kuongea. Wanamuuliza kwao wanasikiliza nini, wakishuka Moshi wananiletea. Mmoja alikuja na albamu ya Hukwe Zawose, Chibite, iliyotolewa mwaka 1996 na Real World, kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel. Aliambiwa na Mholanzi! Mgogo wetu wa Dodoma, na ilimba yake na zeze lake, aliyekuwa akifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akafariki mwaka 2003, mpaka Mholanzi apande Kilimanjaro ndipo albamu yake ifike kibandani kwangu. Nilicheka peke yangu.

Sikuzipenda zote, usije ukadhani nimegeuka msomi. Metallica, ile Master of Puppets ya 1986, ilinivunjia sindano, na mteja mmoja akachukua kitambaa chake akaondoka. Niliimaliza. Ya Steve Reich, Music for 18 Musicians, inakwenda karibu saa nzima bila kupumua, imejengwa juu ya kodi kumi na moja tu (noti kadhaa zikipigwa kwa pamoja, si zile za TRA), inasikika kama kiwanda cha vyerehani vyote vimewashwa kwa pamoja. Mwanzoni nilitaka kuitupa simu mferejini. Baadaye nikagundua mguu wangu kwenye pedali unakwenda nao, na mshono wa siku hiyo ulinyooka kuliko wa wiki nzima. Na Fela Kuti! Zombie ilipotoka Nigeria ilikuwa na wimbo mmoja kila upande wa santuri. Ala zinapigwa dakika kadhaa kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Wewe ungekuwa umeshakata.

Lakini iliyonikalisha chini kuandika ni ya mpiga piano wa Marekani, Keith Jarrett, The Köln Concert. Nikusimulie, maana najua hutaisikiliza.

Ilikuwa Ujerumani, tarehe 24 Januari 1975. Aliyeandaa onyesho ni msichana wa miaka 18, Vera Brandes, kakodi jumba la opera, watu zaidi ya elfu moja wamenunua tiketi. Wahudumu wa jumba wakatoa piano siyo, ndogo, ya mazoezi, haijapangwa sauti, nyuzi za juu zinalia kibati, za chini hazina nguvu, pedali zinagoma. Jarrett kafika kachoka, mgongo unamuuma, akaiangalia ile piano akasema hapigi. Tena saa yenyewe ilikuwa saa tano na nusu usiku, kwa sababu jioni kulikuwa na opera. Msichana akambembeleza. Mafundi wakahangaika na ile piano walivyoweza. Akapanda. Akakwepa funguo mbovu, akang'ang'ania zile za katikati, mkono wa kushoto ukirudia jambo lilelile kufidia besi isiyokuwepo, na kwa zaidi ya saa moja akapiga muziki ambao hakuwa ameutunga mahali popote. Walioleta mitambo ya kurekodi wakarekodi. Imeuzwa mamilioni.

Saa tano na nusu usiku, mdogo wangu. Wewe uliniambia ukumbi unafungwa saa sita.

Sasa tuongee. Sendoff ya mdogo wetu, ukumbi ule wa kule chini, wewe ndiye uliyeshika mashine kwa sababu spika zilikuwa zako na hukutaka kamati ilipe dijei. Hilo nilikusifu mbele ya watu na bado nakusifu. Ndafu ilikuwa imeshakatwa, keki imeshalishwa, wakwe wameshacheka vya kutosha. Nilikuja mezani kwako nikakupa flashi yenye wimbo mmoja wa Mbaraka Mwinshehe, nikakuambia huu wa Mama, uache uende. Ukatikisa kichwa. Nilikuona ukitikisa.

Ukaanza. Mama alikuwa anaongea na mama mkwe, akakatisha sentensi. Akaweka mkoba kwenye kiti, akavua viatu, ile gauni ya kitenge niliyomshonea usiku wa manane ikashuka vizuri mabegani. Akaingia kati peke yake, taratibu, unajua anavyocheza, mabega tu. Mbaraka akaimba maneno yake yote. Magitaa yakaanza kujikusanya kwenda kwenye chemko, pale maneno yanapokwisha watu wakacheza, Mama akainua mikono. Ukakata.

Palipita ukimya wa sekunde chache hivi, wewe unatafuta wimbo wako kwenye kompyuta. Mama hakushusha mikono. Unajua kwa nini? Alishatuhadithia mara ngapi habari za zile santuri ndogo kwa mjomba wake Old Moshi, wimbo mmoja umegawanywa pande mbili: wa kwanza maneno, halafu mtu anainuka anageuza, wa pili ndio chemko. Watu walisubiri katikati ya sebule, wakiwa wameshikana. Mama alisimama pale akidhani mwanawe anageuza santuri.

Ikaingia ile kelele yako. Vijana wakamiminika, mmoja akamkanyaga. Mama akashusha mikono, akarudi kwenye kiti, akaniambia, "Kumbe umekwisha."

Nikamwambia ndiyo, Mama, umekwisha. Ningemwambia nini?

Ulisema kwenye kikao kwamba dada ananinunia kwa ajili ya kiwimbo. Watu wakacheka, na Baba Mkubwa naye akacheka. Nikakaa kimya kwa sababu mbele ya wazee siwezi kusimulia habari ya mikono ya Mama bila kulia, na wewe ulilijua hilo. Basi nasimulia hapa, usome na wenzako wasome. Ninyi wengine mnaosoma, samahani, huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja na ana roho nzuri kuliko barua hii inavyomwonyesha. Alinisomesha ushonaji kwa mshahara wake wa kwanza. Hilo nalo liandikwe.

Mama katutoka mwezi wa tatu. Ulikuja na spika zilezile mpaka Marangu, kwenye mvua, ile barabara ya kihamba imejaa tope, ukazibeba begani na vijana. Kwaya ya usharika ikaimba kila wimbo mpaka ubeti wa mwisho na hukugusa kitufe. Nilikuwa nakuangalia ng'ambo ya kaburi. Subira yote ile uliitoa wapi?

Nakushauri kitu, na ushauri wa dada hulipii. Chagua albamu moja. Anza na fupi, A Love Supreme ya John Coltrane, dakika kama 33 tu, foleni ya Ubungo inaimeza. Alirekodi kwa siku moja, tarehe 9 Desemba 1964. Ina sehemu nne, na ile ya nne usipoambiwa hutajua: Coltrane aliandika sala, ikachapwa kwenye jalada, na anachofanya mle ni kuisoma sala ile kwa saksafoni, neno kwa neno, bila kuimba. Niliisikiliza nikiwa natia lesi kwenye gauni la kipaimara la mtoto wa jirani. Ukiikata kwenye sehemu ya tatu, hujasikia sala. Umesikia mtu anapiga saksafoni kwa nguvu. Zima simu ya kazi, usiruke, usiweke ile ya kuchanganya nyimbo, usiongee.

Au sikiliza Buena Vista Social Club, wazee wa Kuba, wamerekodi Havana mwaka 1996. Mpango wa mwanzo ulikuwa wanamuziki wa Mali waende wakapige pamoja na Wakuba, wale wa Mali wakashindwa kufika, ndipo wakatafutwa wazee. Compay Segundo alikuwa anakaribia miaka 90. Ibrahim Ferrer alishaacha kuimba, alikuwa anang'arisha viatu. Wakaitwa, wakasimama mbele ya maikrofoni, na hakuna kijana aliyewaambia muda umeisha. Niliposikiliza hiyo ndipo nilipoacha kupokea simu zako. Shangazi anasema ni ukatili. Si ukatili. Kila nilipopokea ulikuwa unaanza na habari ya gari lako, halafu watoto, halafu "dada tuyaache", hata hujasema tunaacha nini. Mtu hawezi kuacha kitu ambacho hakijatajwa. Na nisingeweza kukutajia kwenye simu, ungenikata.

Usiniambie kwamba kazi ya dijei ni kukata. Najua. Najua pia kwamba kuna wakati kukata hakukuwa hiari ya mtu. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, basi. Ukizidisha, nafasi imeisha. Santuri kubwa za kuchukua dakika ishirini na kitu kila upande zilikuja mwaka 1948. Wote wale walibanwa na mashine. Wewe mashine yako ilikuwa na nafasi ya kupiga mpaka Yesu arudi. Ulikata kwa sababu wenzako wa Dar walikuwa wamekaa meza ya nyuma na uliona haya wasikie muziki wa mama yako.

Hilo ndilo ninaloamini. Kama siyo, niambie ni nini, nitakusikiliza hadi mwisho. Nimekuwa na mwezi mzima wa mazoezi.

Redio ya Mama ninayo mimi, ile yenye raba ya kufungia mlango wa kaseti, na haitoki hapa. Nimesikia unaiulizia. Si kwamba nakunyima. Ukija nitaiwasha, tutakaa kibarazani, tutaweka kaseti ya Mbaraka na hakuna atakayeinuka, hata chai ichemke ikamwagike. Baada ya hapo tutaongea habari ya nani akae nayo.

Hela ya saruji ya kaburi nimeipata. Fundi anasema mifuko haitoshi, kaongeza, nami nimemwongezea ya kwangu, usimtumie tena moja kwa moja maana anakuja kudai mara mbili. Miche ya migomba aliyoipanda Mama upande wa mfereji imeshika. Mama Mdogo anamwagilia, ila goti lake linamsumbua. Mpigie, yeye hajakukosea.

Na kile kitambaa cha suti ulichoniachia tangu kabla ya sendoff bado kimo kabatini. Sikukikata kwa hasira, kama mkeo alivyomwambia Shangazi. Sikukikata kwa sababu vipimo nilivyo navyo ni vya miaka ile, na kwenye picha za msibani nimeona umenenepa. Nitumie vipya, kiuno hasa, na upimwe na mtu mwingine, usijipime mwenyewe ukavuta tumbo. Ukituma wiki hii, Desemba unaikuta tayari.

Dada yako