Kabla hujafunga ubao wa kwanza

Mwanangu,

Picha za mkuku, yaani uti wa mgongo wa mashua yako, ulioulaza pale Kunduchi nimeziona. Umenyooka. Sasa usikimbilie mbao, maana mashua nyingi ndogo huharibikia hapo.

Anza na mataruma, yaani mbavu za mashua. Fundi wa samani wa Keko anaweza kukukatia pindo zuri kutoka kwenye ubao ulionyooka, lakini msumeno utakuwa umekata nyuzi za mti, na taruma litavunjika hapohapo penye pindo. Tafuta matawi ya mwembe yaliyojipinda yenyewe. Mkoko ni mgumu zaidi, ila usiuguse bila kibali. Kwa mashua yako ya futi 14, achanisha mataruma kwa inchi 12 hadi 15.

Mbao za unene wa inchi moja zinatosha, ila ziwe zimekauka kwelikweli. Ubao ulio karibu na mkuku ndio mbishi kupinda kuelekea omo, yaani mbele ya mashua: uweke kwenye mvuke kama saa moja, kisha ubane upesi kabla haujapoa. Toboa tundu jembamba kuliko msumari kabla ya kupiga, la sivyo ncha ya ubao itapasuka. Tumia misumari ya chuma iliyopakwa zinki mwanzo hadi mwisho. Ukichanganya na ya shaba, maji ya chumvi yatakula ile ya zinki haraka. Chini ya kila kichwa zungushia uzi wa pamba uliochovywa mafuta.

Kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu una mkono wenye nguvu. Kwa ndani mbao zigusane kabisa. Kwa nje ziachane kidogo, ili pamba ipate pa kukaa. Ndani pakiwa wazi, pamba itapenya na kutokea upande wa pili. Isokote, iingize kwa patasi butu na nyundo ya mbao, uishindilie ikae imara, lakini usiijaze kupita kiasi. Mbao zikinywa maji huvimba. Pamba ikikosa pa kwenda, itazisukuma mbao zing'oke kwenye mataruma, na misumari italegea. Watu husema ubao ulikuwa mbovu, kumbe ni kalafati.

Chini ya mstari wa maji paka deheni, yaani shahamu na chokaa, na uirudie kila baada ya miezi michache. Bila hiyo wadudu wa baharini watatoboa mbao. Juu ya mstari huo, sifa, yaani mafuta ya papa, inatosha.

Ishushe mashua wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakijaa, uifunge kwenye kina kifupi. Itavuja, na usiiongezee pamba. Fua maji kwa kopo, uiache ivimbe siku mbili. Siku ya tatu, kama bado yanaingia kwa wingi, tia alama yanapotokea, ipandishe ufukweni, utoe pamba ya hapo tu na kuiweka upya.

Patasi ya kalafati usinunue. Jumamosi nitakuletea iliyopo nyumbani.

Baba yako