Onyo la mafuriko lifike hadi kingo za Mto Mathare

Mhariri,

Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana hapa Nairobi kujadili tabianchi. Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika, ukaua watu na kusomba nyumba.

Utabiri tunao. ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake), huwakutanisha wataalamu wa kanda hii kabla ya kila msimu wa mvua. Naupongeza ushirikiano huo. Lakini ramani zao hazimfikii mama anayelala na watoto kwenye nyumba ya mabati kando ya mto. Yeye anahitaji mtu wa mtaa wake, anayemwamini, amgongee mlango saa nane za usiku na kumwelekeza kwenye shule ambayo lango lake tayari limefunguliwa.

Umoja wa Mataifa umeahidi tahadhari za mapema kwa kila mtu duniani kufikia mwisho wa 2027. Shirika lake la mazingira liko Gigiri, kilomita chache tu kutoka kwetu! Wafadhili na serikali ya kaunti wawatengee wahudumu wa kujitolea mitaani simu, vipaza sauti na posho, kabla ya masika yajayo.

Mkazi wa Mathare,
Nairobi