Kompyuta isiyowaka isifutwe kabla mwenyewe hajaulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi kompyuta wa hapa Moshi, pamoja na sisi tunaowapelekea kazi, kuhusu jambo lililonipotezea kumbukumbu ambazo sitazipata tena.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka 11 nimekuwa katibu wa ukoo wa mume wangu. Katika kompyuta yangu ya mpakato nilikuwa nimehifadhi mihtasari ya mikutano yetu ya kila Desemba, wakati ndugu walioko Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanaporudi nyumbani; pia orodha za michango ya misiba, picha za mazishi ya baba mkwe na, kilichokuwa na thamani kuliko vyote, sauti ya mama mkwe niliyoirekodi akitaja kwa Kichagga majina ya wazee wa ukoo na mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Mama mkwe naye amekwisha kututoka. Betri ya kompyuta hiyo ilikuwa imechoka siku nyingi, kwa hiyo ilitegemea umeme wa ukutani peke yake, na jioni moja umeme ulipokatika na kurudi mara tatu kwa muda mfupi, kompyuta ikawa inawasha taa, inaonyesha nembo ya kiwanda, kisha kioo kinabaki cheusi.

Niliipeleka kwa fundi mjini. Hakuniuliza ndani mna nini, nami sikumwambia, kwa kuwa niliamini kwamba kuitengeneza ni pamoja na kuvitunza vilivyomo. Kesho yake nilikabidhiwa kompyuta inayowaka vizuri na tupu kabisa: alikuwa ameifomati diski yote na kupiga Windows upya. Nilipouliza yalipo mafaili yangu, alinijibu kwamba kompyuta ilikuwa imekufa, basi na mafaili yalikufa nayo.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu si kweli, na nahofia kwamba wengi wanaambiwa hivyo na kulipokea. Kifaa kinachohifadhi mafaili, ambacho mafundi hukiita hadi diski, ni kitu cha pekee ndani ya kompyuta. Kioo kinaweza kuvunjika, madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, inaweza kuungua, mfumo wa Windows unaweza kuharibika, na bado picha na maandishi yakawa salama palepale yalipokuwa. Katika hali kama yangu, umeme unapokatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika, mara nyingi kinachoharibika ni mafaili machache ambayo Windows inayahitaji ili iamke. Kabla ya kugusa chochote fundi angeweza kuitoa diski, akaitia katika kava lenye waya wa USB, akaichomeka kwenye kompyuta nzima na kunakili yote yaliyomo. Hata bila kufungua skrubu moja, angeweza kuiwasha kompyuta kwa kutumia flashi yenye mfumo mwingine kama Ubuntu, ambao unaweza kufanya kazi bila kuandika kitu kwenye diski, kisha akayahamishia mafaili kwenye diski ya nje. Vyombo vya kazi hiyo si vya ajabu, na fundi ambaye siku zote anapiga Windows kwa flashi anayo tayari nusu ya vinavyohitajika.

Nilipata ushauri wa kumwendea fundi wa pili, kijana mtulivu, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nisiiwashe tena. Alinieleza kwa mfano wa ghala la kahawa: daftari la ghala likichomwa moto, magunia hayatoweki, ila hakuna tena anayejua lipi ni la nani wala lilipangwa wapi, na kila shehena mpya inayoletwa inachukua nafasi ya magunia ya zamani, ambayo sasa yanatupwa nje. Kufomati kwa haraka ni kulichoma daftari. Kupiga Windows juu yake ni kuleta shehena mpya, tena kubwa, maana mfumo huo peke yake hujaza zaidi ya gigabaiti 10. Kwa siku tatu programu yake iliipekua diski kipande kwa kipande. Picha nyingi zilirudi, bila majina yake wala tarehe nilizokuwa nimeziandika, mamia kwa mamia zikiwa na namba tu. Mihtasari ya mikutano ilipotea karibu yote. Katika kipande cha sauti kilichopatikana, mama mkwe anasikika akiutaja mpaka wa kihamba upande wa mfereji, kisha sauti inakatika.

Naambiwa kwamba nilikuwa na bahati kwa kuwa diski yangu ilikuwa ya aina ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka. Diski za kisasa za SSD, zisizo na sahani zinazozunguka, zikifomatiwa, mfumo huziarifu kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nazo huisafisha zenyewe, hivyo matumaini ya kurudisha kitu ni madogo sana. Tena kompyuta nyingi mpya za Windows hufungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalogeuza yaliyomo kuwa fumbo, na diski ikitolewa humo haisomeki mpaka mwenyewe atoe ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti yake ya Microsoft. Nawasihi wasomaji wautafute ufunguo huo leo, kompyuta ikiwa bado nzima, wauandike kwenye karatasi na kuuweka mahali pamoja na hati za nyumba.

Kwa mafundi ombi langu ni fupi. Kabla ya kufomati, muulizeni mteja kama anayataka mafaili yake, na jibu lake liandikwe kwenye risiti na kutiwa saini. Kunakili ni kazi, na kazi ina malipo yake. Mimi ningelipa mara mbili ya nilicholipa bila kunung'unika. Mkisikia diski inagonga kwa mlio wa tik-tik, izimeni na mseme wazi kwamba kazi hiyo imewazidi, kwa kuwa kila jaribio linaweza kuikwaruza zaidi. Na mkishamkabidhi mteja mafaili yake, msibaki na nakala katika kompyuta zenu. Tangu Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha za msiba wa familia si mali ya karakana.

Kwa wenzangu ambao wana kompyuta iliyogoma kuwaka na kuwekwa juu ya kabati, au ambao wanafikiria kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, naomba waitoe kwanza diski yake na kumpelekea fundi anayeijua kazi hii. Wamwambie kabla hajaigusa kwamba wanachokitaka ni vilivyomo, hata kama kompyuta yenyewe haitawaka tena.

Mwalimu mstaafu,
Moshi, Kilimanjaro.